Tonge la Kwanza

Barua ilinikuta Masasi, nilikokuwa karani wa ghala la korosho, ikakaa mfukoni mwa koti langu wiki saba kabla sijaamua kusafiri. Aliyeiandika ni mtoto wa kaka yangu, na haikuzidi mistari minne. Baba amekonda sana. Mwenyewe anasema haumwi. Mama anaomba uje umwone kwa macho yako. Niliisoma nikajiambia kwamba mwaka ule kila mtu wa kwetu alikuwa amekonda, maana mvua zilikuwa zimekataa, nikaikunja.

Nilipoondoka hatimaye, njia nayo haikutaka kuniachia. Lori la korosho lilinifikisha Lindi. Pale Rufiji pantoni lilikuwa bovu, tukakaa ng'ambo ya kusini siku tatu, abiria wa magari manne, tukinunua samaki wa kukaanga na kulalamika. Dar es Salaam nilipanga foleni ya tiketi siku mbili. Kisha nikapanda treni ya bara, daraja la tatu, nikasimama Morogoro yote na Kilosa yote, nikapata kiti Gulwe baada ya mama mmoja kushuka na kuku wake. Baada ya Dodoma nchi ilianza kuwa ile ninayoijua: mibuyu isiyo na majani, vumbi jekundu, mbuga ya Bahi imekauka hadi kupasuka. Nilishuka Kintinku mchana, miguu imevimba, sanduku mkononi.

Tangu nimalize sekondari nilikuwa nimeishi miji minane, na hakuna hata mmoja uliowahi kuniudhi. Niliondoka tu. Kaka yangu alikuwa akisema nilizaliwa njiani, ndiyo maana nyumba zinanichosha. Yeye alinizidi miaka kumi na mitano. Baba yetu alipofariki nilikuwa bado nachunga ndama, na kaka ndiye aliyetoa ng'ombe wake wawili ili mimi nikasome. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo hata siku moja.

Hawakuwa wakiishi tena kwenye tembe letu la zamani, ile nyumba ndefu ya udongo. Serikali ilikuwa imewahamishia kijiji kipya pamoja na wengine wote, nyumba zimepangwa mistari kama madawati, zahanati upande mmoja na shule upande wa pili. Kaka alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, amejifunga shuka lake jeusi begani. Mabega yalikuwa yamebaki fito mbili.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umetukumbuka?"

"Nimewakumbuka."

"Karibu. Utakula, utalala, utaondoka. Tunakujua."

Alicheka, nami nikacheka, na nikaona sauti yake imekuwa na mkwaruzo.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyokula nyumbani kwetu, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana na hilo. Wanaume walikula pamoja, sahani moja ya ugali wa uwele na bakuli moja la mlenda: kaka, mwanawe ambaye alikuwa ameshaoa, majirani wawili watatu, na mgeni yeyote aliyepita. Wanawake walikula upande wa jikoni. Hakuna mkono uliogusa ugali kabla ya mkono wa kaka. Alinawa, akamega tonge, akalichovya, akalitia mdomoni, na hapo ndipo sisi tuliponyoosha mikono. Baba yetu alifanya hivyo, na baba yake pia. Mwenye nyumba akiacha kumega, maana yake amekuwa mgonjwa wa kulishwa, analetewa kibakuli ndani kama mtoto, na mtu mwingine anakaa mahali pake.

Siku ile ya kwanza nilimtazama kaka akimega. Alimega vizuri tu. Alitafuna muda mrefu, akanywa maji kidogo, akamega tena. Kisha akainuka kabla yetu.

"Nakwenda kuangalia ndama," alisema, akazunguka nyuma ya zizi, na mbwa wa nyumbani akamfuata.

Baadaye nilimuuliza shemeji, mke wa kaka, hali hasa ikoje.

"Anakula, shemeji," alisema. "Mwanangu anamwona anamega kila siku. Ila chakula hakikai mwilini. Watu wanasema ni hasira ya kuacha tembe lake, imemkaa hapa." Akajigusa kifuani.

Na mimi, mtu wa sekondari, nilikubali. Maadamu anamega, anakula. Nyumba nzima ilikuwa imelala juu ya wazo hilo karibu mwaka mzima. Wiki ya pili nilikwenda stesheni kuuliza treni ya kurudi.

Aliyetuamsha ni mtani. Huyu alikuwa mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji, Mhehe kutoka Iringa, na kwa kuwa Wahehe na Wagogo ni watani, hakuwahi kupita mlangoni kwa kaka bila kumtukana. Alipita mchana mmoja tukiwa tumemaliza kula.

"Mtani," alimwambia kaka, "nchi nzima mmebaki mifupa, hata mwenyekiti wa kijiji suruali inamtoka. Lakini huyu mbwa wako ana mgongo kama beberu. Mnamlisha nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Au mnaninenepeshea mimi? Semeni tu, nilete kamba."

"Mchukue," kaka alijibu. "Mkeo si ameshabandika sufuria?"

Watu walicheka, maana utani wa zamani unasema Wahehe hula mbwa. Kaka naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta povu, mate meupe mengi yaliyomjaa mdomoni hata akainama kuyatema. Mganga aliacha kucheka. Alijaza kikombe maji akampa.

"Kunywa mtani, nikuone."

"Nimeshakunywa."

"Kunywa tena."

Kaka alikiweka kikombe chini. Alisema anakwenda kuangalia ndama.

Mganga hakumfuata. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mbwa aliyekuwa akiinuka kumfuata bwana wake. Nami nikainuka.

Nyuma ya zizi nilimkuta kaka amechuchumaa. Alikuwa amefungua pindo la shuka lake, na ndani ya pindo mlikuwa na matonge manne au matano ya ugali, mengine yametafunwa na kutemwa, mengine mazima. Mbwa alikuwa akila mkononi mwake. Kaka aliniona, hakuficha.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Nyama, tangu kabla ya kuhama. Ugali ulianza kukwama tulipofika hapa. Mlenda ulinisaidia, unajua unavyoteleza, tonge linashuka nao. Sasa mlenda wenyewe unarudi. Maji napata nikinywa kidogo kidogo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angemega?"

"Mwanao ni mtu mzima."

"Najua ni mtu mzima," alisema. "Mimi bado sijafa."

Kesho yake tulipanda lori la kijiji hadi hospitali ya misheni, safari ya nusu siku, kaka katikati ya magunia, mimi nikimshikilia. Daktari alikuwa mzee wa Kizungu aliyezungumza Kiswahili polepole na sawasawa. Alimpa kaka dawa nyeupe, nzito kama chokaa, akamwambia aimeze mbele ya mashine ya picha. Ilimchukua muda mrefu. Daktari aliishika picha dirishani, akatuonyesha. Njia ya chakula ilishuka nene kutoka shingoni, kisha katikati ya kifua ikawa uzi, mahali parefu kama kidole changu.

"Ni saratani," alisema. "Imekaa ndani ya mmio, hii njia ya chakula. Imekuwa ikikua muda mrefu."

Alitueleza hatua kwa hatua, na nitamheshimu daima kwa hilo, maana hakumficha mgonjwa kwa kuzungumza na mimi. Kupasua kifua na kuikata ilikuwa kazi ya hospitali kubwa, na inamtaka mtu mwenye nguvu mwilini. Kaka hakuwa na mwili wa kustahimili. Mionzi ilikuwapo Nairobi, ingeweza kuusinyaza ule uvimbe na kufungua njia kwa miezi kadhaa, lakini ni wiki nyingi za kukaa huko, na barua za kuvuka mpaka. Yeye daktari hapo angeweza kujaribu kupanua njia kwa vijiti laini vya mpira. Na hilo likishindikana, angetoboa tundu dogo tumboni aweke mpira, chakula kipite hapo.

"Mpira hautaondoa ugonjwa," alisema. "Utaondoa njaa."

Alijaribu kwanza kupanua. Kaka alitema damu siku ile, lakini akanywa maziwa, kikombe kizima, na machozi yalimtoka kwa jinsi yalivyoshuka bila kusimama. Ilidumu siku tisa. Kisha njia ikajifunga tena.

Mimi nilitaka Nairobi. Nilisema ningeandika barua, ningekwenda naye, ningekaa naye. Nilizungumza sana kando ya kitanda chake. Alisubiri nimalize.

"Wewe ndiye unayependa treni," alisema. "Nenda ukanisalimie hiyo mashine."

Kisha akamgeukia daktari. "Nikiwekewa mpira, nitakaa na wenzangu wakati wa kula?"

"Hutakula kwa mdomo, mzee."

"Sikuuliza mdomo."

Daktari alifikiri kidogo. Akasema hakuna sababu ya kutokaa nao.

Baada ya upasuaji tulikaa hospitali karibu mwezi. Shemeji alikuja, na muuguzi mmoja alitufundisha sote wawili kwa pamoja. Uji uwe mwepesi, uchujwe kwa kitambaa hata kusiwe na chembe, la sivyo mpira utaziba. Uchanganywe na maziwa, au yai, au karanga zilizosagwa laini kama maziwa. Usiwe wa moto. Kidogo kila baada ya saa chache, usimjaze kwa pupa. Maji yaliyochemshwa na kupoa yatangulie, na mengine yafuate kusafisha mpira. Mgonjwa aketi wima, na asilale mpaka muda upite. Ngozi inayozunguka mpira ioshwe na kukaushwa kila siku. Kinywa kisukutuliwe kwa maji ya chumvi, hata kama hali kwa mdomo, kwa sababu kinywa kisichotumika huoza upesi. Na kopo la mate liwe karibu, maana mate yale hayana pa kwenda. Shemeji hakujua kuandika, lakini alirudia yote bila kukosea, na muuguzi akanitazama mimi na daftari langu akatabasamu.

Tuliporudi kijijini, mlo wa kwanza ulikuwa mchana. Kaka aliomba kigoda chake kiwekwe mahali pake. Ugali ukaletwa, mlenda ukaletwa. Wanaume wakaketi, wakiangalia magoti yao. Shemeji alikuwa amesimama pembeni na jagi la uji na faneli, na hakusogea. Hapo ndipo sote tulipoona jambo ambalo hatukuliwaza hospitali: mwanamke hakai kwenye sahani ya wanaume, na mke hawezi kumlisha mumewe mbele ya majirani zake. Mwana wa kaka alitazama chini. Kumlisha baba yake hadharani lilikuwa jambo asiloweza.

Kaka alifungua shuka lake polepole, akautoa mpira, akaushika wima. Hakuniita. Alinitazama tu.

Niliinuka nikalichukua jagi.

Alinawa mikono. Akamega tonge, akalinusa muda mrefu, akalichovya kwenye mlenda. Kisha akaliweka kiganjani mwangu.

"Kula," alisema.

Nilikula. Nikamimina maji, kisha uji, kidogo kidogo, faneli imeinuliwa usawa wa kifua chake, na wanaume wakanyoosha mikono wakaanza kula. Baada ya siku chache walikuwa wakizungumzia ng'ombe na mvua kana kwamba watu wote wa dunia hula namna ile. Mganga wa zahanati, aliyekuja kuangalia tundu na kubadili kitambaa, ndiye aliyemaliza aibu iliyobaki.

"Mtani, sasa umekuwa gari. Unajaziwa tangi."

"Na wewe usisogee," kaka alimjibu. "Mbwa amekonda, amejua unamtaka."

Ni kweli mbwa alikuwa amekonda.

Nilikaa miezi mitano. Sijawahi kukaa mahali nikihitajika kiasi kile, wala sijawahi kutaka kuondoka kiasi kile. Kila mchana kazi ilikuwa moja. Kaka alipata nguvu kidogo, akatembea hadi zizini bila fimbo, akaenda kanisani Jumapili mbili. Mashavu yalirudi nusu. Lakini treni ilisikika vizuri kutoka pale kijijini, na ilipopiga honi mwili wangu uligeuka wenyewe. Kaka aliona.

"Leo imechelewa," alikuwa akisema, bila kunitazama.

Siku moja nilikwenda stesheni kuulizia barua kutoka Masasi. Hapakuwa na barua. Treni ya kwenda Dar es Salaam ikaingia, nami nikasimama kuiangalia: watu madirishani, akina mama wanauza mayai ya kuchemsha, mtu anakimbilia behewa. Iliondoka. Nikaketi kwenye benchi, nikiangalia reli. Sikuwa na sanduku wala tiketi, na sijui hata leo nilikuwa nangoja nini. Nilipotazama jua, lilikuwa limepita mbali upande wa magharibi.

Nilirudi nikikimbia. Wanaume walikuwa wameketi. Ugali ulikuwa umepoa na kukauka ngozi juu, haujaguswa. Kaka alikuwa kwenye kigoda chake, mpira mkono mmoja, tonge mkono wa pili. Alikuwa amemega saa zilezile za siku zote, na hakuwa na wa kumpa.

Jagi lilikuwa kando yake, limefunikwa kwa kawa. Kaka alilichovya lile tonge gumu, akaliweka kiganjani mwangu, nikalila. Uji ulipokwisha, mmoja wa majirani alisema, "Leo tumefunga kama Waislamu," na kaka akacheka. Mimi sikuweza. Sikwenda tena stesheni.

Mwezi wa tano wa kukaa kwangu ugonjwa ulipanda. Kikohozi kilianza kila alipomeza hata mate yake. Mpira ulichomoka mara moja, mganga akaja mbio kuurudisha kabla tundu halijajifunga. Ngozi ilichubuka kwa maji ya tumboni, shemeji akaiosha na kuipaka dawa nyeupe ya hospitali kwa kidole kimoja, polepole kama anayepaka mtoto. Mgongo ulimwuma. Mganga alileta dawa ya maumivu ya maji, tukaipitisha kwenye mpira saa kwa saa, na baada ya hapo aliweza kuketi na kuzungumza. Uji tuliupunguza. Mganga alinieleza faraghani kwamba mwili unaofunga safari hauhitaji kulazimishwa, na kwamba kulowesha midomo yake kwa kitambaa safi sasa ni kazi kubwa kuliko uji.

Hata hivyo, kila mchana alitaka kubebwa nje. Mkono ulipokuwa hauinuki, niliushika kwenye kifundo, vidole vikamega vyenyewe.

Siku ya mwisho aliyoketi nasi alimega tonge dogo kama punje ya karanga. Hakulichovya. Nilikunja kiganja nikakisogeza kama kawaida. Mkono wake ulipita juu ya kiganja changu, ukaenda upande wa pili, ukaliweka tonge kwenye kiganja cha mwanawe.

"Kula," alimwambia.

Kijana alilila huku machozi yakimwanguka kwenye magoti. Kaka akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu. Kisha akaomba arudishwe ndani.

Alifariki siku ya tatu, asubuhi, ng'ombe wakitoka zizini. Shemeji alikuwa akimlowesha midomo.

Matanga yalipokwisha, sahani ya wanaume ilitengwa tena. Wazee walinitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa ndugu wa marehemu na mkubwa kuliko kijana. Niliacha mikono yangu juu ya magoti. Kisha mtoto wa kaka akanawa, akamega, akala, na mikono mingine ikafuata, wangu ukiwa wa mwisho.

Niliondoka kesho yake. Mganga wa zahanati alikuwa amechukua ule mpira na faneli, amevichemsha, avirudishe hospitali. Alisema kuna mama mmoja wa upande wa Manyoni anasubiri. Shemeji alinifungia ugali na mlenda mkavu kwenye kitambaa.

"Utarudi?" aliniuliza.

"Nitarudi, shemeji."

"Usiseme hivyo. Sema utaandika ukifika salama."

Mtoto wa kaka alinibebea sanduku hadi stesheni. Tuliagana bila maneno mengi. Hakuniuliza kama nitarudi, nadhani kwa adabu. Imepita miaka mingi, nimeishi miji mingine, na sijarudi.

Treni ilipoondoka Kintinku nilikuwa na kiti dirishani. Njaa ilikuwa imenibana tangu asubuhi. Nilikifungua kitambaa juu ya magoti, nikanawa kwa maji ya chupa ya jirani yangu, nikamega tonge la kwanza. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa kimejifungua chenyewe, kinangoja. Nilikaa hivyo, tonge mkono mmoja na mkono mwingine mtupu, mpaka tukafika Bahi.